Zabuni ya Mionzi

"Daktari, tiba hii ina dhamana ya muda gani?"

Daktari, binti mwembamba mwenye miwani iliyokuwa ikimteremka puani kila dakika, aliacha kuandika. Alimtazama mzee aliyeuliza, kisha akamtazama mke wa mzee, kama vile anaomba msaada. Mke wa mzee alikuwa anatazama viatu vyake. Miaka thelathini na minane ya ndoa ilikuwa imemfundisha kutazama viatu kila mumewe anapofungua mdomo mbele ya mtu aliye kazini.

"Dhamana?"

"Ndiyo. Friji letu lina miaka mitano. Pampu ya maji ina miwili. Sasa hii mionzi..."

"Mzee," mkewe akasema taratibu, "mimi si friji."

"Nani kasema wewe ni friji? Nimeuliza utaratibu."

Mtaani wanamwita Mzee Zabuni, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa afisa manunuzi wa shirika la maji, na katika miaka hiyo yote hakikununuliwa kitu pale, kuanzia bomba hadi pini ya karatasi, bila wazabuni watatu kuleta bei zao, kupangwa kwenye jedwali na kupewa alama. Alipostaafu, shirika lilimpa saa ya ukutani, na yeye akaondoka na utaratibu wake. Friji hilo alilolitaja lilimchukua miezi minne. Miezi minne mizima alizunguka madukani na daftari, anafungua mlango wa friji, anaufunga, anatega sikio asikie unavyogonga. Wauza maduka wakimwona kwa mbali walikuwa wanakwenda kula chakula cha mchana saa nne asubuhi.

Mkewe wanamwita Mama Sare, kwa sababu watoto wa shule tatu za jirani huvaa anachoshona yeye kibandani kwake kando ya barabara. Wiki nne kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji na kutolewa mji wa mimba, maana ulikuwa umeingiwa na saratani. Kovu lilikuwa limeanza kufunga vizuri. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu: sasa nini kinafuata, na kitaanza lini?

"Mama, upasuaji umekwenda vizuri," daktari alisema, akigeuza kiti chake ili azungumze na mwenye ugonjwa. "Lakini ugonjwa ulikuwa umezama ndani na kufika kwenye shingo ya kizazi. Kwa hiyo tunahitaji mionzi, tumalizie chembe ambazo macho hayazioni. Siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano."

Akachora kwenye karatasi. Mashine, alieleza, zipo mbili. Ile ya zamani inapiga mionzi kutoka pande nne, na pande hizo zikikutana zinafanya umbo la sanduku. Kila kilichomo ndani ya sanduku kinapata chake: pale ugonjwa ulipokuwa, na pia utumbo na kibofu, ambavyo havina kosa lolote. Ile ya kisasa inapinda mionzi kufuata umbo la mtu, na utumbo unapata kidogo zaidi.

"Ipi inaua ugonjwa zaidi?" Mama Sare aliuliza.

"Kwa kuua ugonjwa, zinalingana. Tofauti ni namna utakavyoishi wakati wa tiba, na miaka inayofuata. Kwa ile ya zamani wengi wanaharisha sana, wanakwenda haja ndogo kila saa. Kwa hii ya kisasa huwa nafuu. Si kwamba hutaumwa kabisa. Nafuu."

Mama Sare akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho. "Kwa hiyo ya kwanza ni gunia, nakata tu, mtu yeyote anavaa. Ya pili ni ya kupima."

Daktari akacheka. "Mama, nitaiba maneno hayo."

"Nipime."

Mambo yangeishia hapo, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini Mzee Zabuni alikuwa amekwishainua kalamu.

"Zipo mbili tu? Utaratibu unataka tatu."

Hapo ndipo daktari, kwa wema wake, alipokosea. Akasema kuna pia mionzi ya ndani: kifaa kidogo huingizwa ukeni kwa dakika chache, mara tatu tu, basi. Ni nzuri sana kwa baadhi ya wanawake. Kwa mama hapa, peke yake haitoshi. Lakini wakati anasema haitoshi, Mzee Zabuni alikuwa tayari ameshaandika: *Mzabuni wa tatu, siku tatu.*

"Sikilizeni vizuri," daktari akasema, akimkabidhi mama fomu ya ridhaa. "Hii ya kisasa ina foleni. Nimewawekea nafasi moja. Fomu irudi Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa sita mchana, ikiwa na sahihi ya mama na ya shahidi. Isiporudi, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mama ataingia kwenye ile ya zamani. Kusubiri foleni mpya hatuwezi. Mionzi isichelewe kupita wiki nane baada ya upasuaji."

Mama Sare akanyoosha mkono aazime kalamu. Mumewe akaichukua fomu, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye faili lake.

"Haisainiwi kitu kabla ya tathmini," alisema.

Siku ya saba jedwali lilikuwa ukutani sebuleni, chini ya ile saa ya shirika. Lilichorwa kwenye karatasi ya kaki, kubwa kama mlango, kwa rula na kwa kalamu za rangi tatu. Juu safu tatu: Sanduku, Kisasa, Ndani. Pembeni vigezo: idadi ya siku, muda wa kusubiri, maumivu, choo, umri wa mashine, umbali kutoka geti la hospitali, tabia ya wahudumu.

Kigezo cha bei hakikuwepo. Bima ilikuwa inalipia zote, jambo lililomfurahisha kila mtu isipokuwa Mzee Zabuni, ambaye alijisikia kama mpishi aliyenyang'anywa chumvi.

Sifa zake tumpe: mtu yule alifanya kazi. Alikwenda hospitali mara nne peke yake. Alihesabu hatua kutoka getini hadi kila mashine. Aliwasimamisha wagonjwa koridoni, watu wazima na heshima zao, akawauliza wanakwenda chooni mara ngapi, na akaandika. Mama mmoja alimfukuza kwa mwavuli. Akaandika na hilo, kwenye tabia ya wahudumu, mpaka alipogundua kwamba yule mama si mhudumu, akafuta.

"Mzee, leo Jumatatu," Mama Sare akamwambia, kichwa kikiwa kimeinamia cherehani, iliyohamishiwa nyumbani kutoka kibandani tangu upasuaji. Alikuwa na sketi sitini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, na kielelezo chake cha kukatia saizi kubwa kilikuwa kimepotea wiki nzima. "Fomu iko wapi?"

"Iko salama."

"Sijauliza kama iko salama. Nimeuliza iko wapi."

"Kamati inakaa Alhamisi."

"Kamati gani?"

"Ya tathmini. Watu watatu. Chini ya hapo si kamati, ni maongezi."

Mama Sare akaacha kukanyaga cherehani. "Na mimi ni wa ngapi kati ya hao watatu?"

Mzee Zabuni akakohoa. "Wewe ndiye mnufaika, mke wangu. Mnufaika hakai kwenye kamati. Ni mgongano wa maslahi."

Alhamisi saa kumi jioni kamati ikafika, wajumbe wawili, wa tatu akiwa mzee mwenyewe. Wa kwanza alikuwa dada wa Mzee Zabuni, wifi yake Mama Sare, mwanamke ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo tangu azaliwe. Wa pili alikuwa mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, fundi simu mpole asiye na makuu. Binti mwenyewe ni mwalimu wa chuo na alikuwa anasimamia mitihani, hivyo alimwambia mumewe, "Nenda kwetu, baba ana kikao." Kikao cha nini, hakumwambia. Maskini ya Mungu, alikuja akidhani ni habari ya ukuta wa uani.

Akaketi. Akasoma jedwali. Alipofika kwenye safu ya tatu na maelezo yake, ambayo baba mkwe wake alikuwa ameyaandika kwa herufi kubwa ili wote wasome bila shida, macho yakamtoka, akayapeleka darini na hayakushuka tena.

"Mkwe, una maoni gani kuhusu kifaa hiki cha ndani?" Mzee Zabuni aliuliza.

"Baba, mimi ni fundi simu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Kifaa ni kifaa."

"Baba, naomba maji ya kunywa."

Mama Sare akamletea maji. Ndiye aliyekuwa akiihudumia kamati ile: chai, maji, vijiko, kisha anarudi kwenye cherehani yake pale pembeni, hatua sita tu kutoka kwenye meza yao, anasikia kila neno. Wakimtaja walisema "mgonjwa". Mara moja wifi alisema "yeye". Sehemu za mwili wake ambazo mumewe mwenyewe hakuwahi kuzitaja kwa majina katika miaka thelathini na minane, leo zilikuwa zinajadiliwa kwa ajenda, na mkwe wake yupo, shingo imekakamaa kwa kutazama dari. Alisikia uso unamchoma. Akashona upindo mmoja mara tatu.

"Mimi naona hivi," wifi alinguruma. "Hii siku tatu, hizi siku ishirini na tano. Mtu mwenye akili timamu atachagua ishirini na tano?"

"Ina mantiki," Mzee Zabuni akakubali, akijumlisha. "Idadi ya siku, imepata zote. Kusubiri, imepata zote. Choo, imepata karibu zote. Sanduku, ishirini na moja. Kisasa, thelathini na sita. Ndani, arobaini na nne kati ya..." Akasita. "Arobaini na nne."

"Kati ya hamsini," mkwe akasema kwa dari. Hesabu zilikuwa angalau jambo la heshima. "Lakini baba, jedwali la namna hii kwa kawaida huwa na jumla ya mia. Mbona vigezo vinaishia hamsini?"

"Mambo ya ofisi waachie wenye ofisi," Mzee Zabuni akajibu haraka mno. "Kamati inapendekeza mzabuni wa tatu. Nani anaunga mkono?"

Wifi akainua mkono. Mkwe akainua wake pia, kwa matumaini kwamba akikubali ataruhusiwa kwenda nyumbani.

Cherehani ikanyamaza.

"Ngojeni," Mama Sare alisema, akasimama. Alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja na kuzichomeka begani. "Huyo mliyemchagua, daktari alishamtoa. Nilikuwepo. Alisema kwangu peke yake haitoshi."

"Hakumpa barua ya kuondolewa," Mzee Zabuni akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejua amekwama.

"Barua! Mimi nina saratani, wewe unataka barua! Wifi, wewe unajua choo cha pale kibandani kwangu?"

"Huna choo."

"Sina. Natumia cha mwuza nyama, ng'ambo ya barabara. Na ufunguo wake ameufunga kwenye mfupa wa paja la ng'ombe, ili mtu asisahau akaondoka nao. Kila nikibanwa navuka barabara na mfupa mkononi, wateja wangu wanatazama, walimu wakuu wanatazama. Mara mbili kwa siku nimezoea. Sasa mniingize kwenye hilo sanduku, nianze kuharisha mara kumi kwa siku, mara kumi na mfupa! Mtu mzima mimi! Ndiyo sababu nilimwambia daktari anipime. Nilisema palepale, nikiwa na akili zangu. Kuna mtu hapa aliandika nilichosema?"

Hakuna aliyeandika. Jedwali lilikuwa na safu za kila kitu isipokuwa hiyo.

"Kesho saa sita nafasi inakwisha," akasema. "Na nyie mmekaa hapa mnanipigia kura kama mwenyekiti wa mtaa."

Wifi, jambo la kuandikwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba chai imepoa. Mkwe aliinuka, akainama kwa adabu mbele ya mama mkwe wake bila kumtazama, akatoka kwa mwendo ambao nusu yake ulikuwa wa kukimbia.

Ijumaa asubuhi Mama Sare aliamka amekata shauri. Saa mbili akamwomba mumewe fomu, mumewe akasema anatafuta faili. Saa tatu akasema faili lipo, anatafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani mwake. Basi Mama Sare akaona amalizie hasira zake kwenye jedwali, akalishika pembe ya juu na kulivuta.

Likashuka zima. Na upande wa nyuma, Mungu wangu, akakuta mistari yake mwenyewe ya penseli: kiuno, nyonga, upindo. Kielelezo cha saizi kubwa! Wiki nzima alikuwa anageuza nyumba juu chini akikitafuta, kumbe kimelala kifudifudi ukutani kimebebeshwa zabuni.

"Mwizi mkubwa wewe!" alipiga kelele, na mzee akatokea mlangoni na kikombe cha chai.

Lakini alipoikunjua ile karatasi, akaona kwamba chini ilikuwa imekunjwa kwa nyuma na kubanwa kwa pini, pini zake pia. Akazichomoa. Ukashuka mstari mmoja zaidi. Kigezo cha nane, kwa mwandiko wa mumewe, herufi ndogo kuliko nyingine zote:

*Kubaki naye. Alama 50.*

Vyumba vyake vitatu vya alama, kimoja chini ya kila safu, vilikuwa vitupu. Si vitupu vya kutoguswa. Vilikuwa vimeandikwa na kufutwa, vikaandikwa na kufutwa, mpaka karatasi imechakaa na chumba cha katikati kimetoboka.

Mama Sare akamtazama. Mzee Zabuni akaitazama chai.

"Nilimpigia daktari," akasema. "Mara tatu. Nikamwambia anipe namba. Yoyote. Akasema zote zinalingana, na kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kuniandikia namba. Nikasema basi nigawe sawa. Hamsini kwa tatu. Kumi na sita na ushee. Haikukaa vizuri."

"Kwa hiyo ukaikunja."

"Kamati ingeuliza."

"Na fomu ukaikalia."

"Tathmini haijakamilika mpaka vyumba vyote vijazwe." Akakiweka kikombe mezani. "Na kama haijakamilika, hakuna kilichoanza. Hujaanza kuumwa. Uko hapo kwenye cherehani, unanigombeza. Nilikuwa naona... nilikuwa naona tukae hivyohivyo kidogo."

Mama Sare alitaka kucheka, na kabla hajacheka machozi yakamtoka, na kabla hajayafuta akaiona ile saa ya shirika: saa nne na dakika arobaini. Aliogopa. Tangu siku ya upasuaji alikuwa hajajiruhusu kuogopa, alikuwa na sketi sitini. Sasa akaogopa waziwazi, akakaa kwenye kiti cha cherehani na jedwali mapajani.

"Mimi pia naogopa, mjinga wewe," akasema. "Ungeniambia tungeogopa wawili."

Akachukua chaki yake ya kukatia. Kwenye safu ya Kisasa, juu ya tundu lile, akaandika hamsini, kubwa, mpaka ikaingia kwenye vyumba vya jirani.

"Huwezi kuandika hivyo," Mzee Zabuni akasema bila nguvu. "Hakuna ushahidi."

"Mwili ni wangu, alama ni yangu. Thelathini na sita na hamsini ni ngapi?"

"Themanini na sita."

"Ameshinda?"

"Ameshinda kwa mbali."

"Toa fomu."

Fomu ilikuwa ndani ya faili, imehifadhiwa nyuma ya dhamana ya friji.

Barabarani teksi zilikuwa tatu, na madereva wote watatu walikuwa wanamfahamu. Walijiandaa kwa mashauriano. Mzee Zabuni alifungua mlango wa ile ya kwanza, akamwingiza mkewe, akaingia na kusema, "Hospitali, haraka." Hakuuliza bei. Dereva aligeuka nyuma akamtazama vizuri.

"Mzee, kuna msiba?"

"Hakuna msiba! Endesha!"

Walifika dirishani saa tano na dakika hamsini na moja. Karani alikuwa anapanga fomu zake kwa ajili ya kuzipeleka ndani. Mama Sare alisaini kwa kuegemea ukuta. Kisha karani akairudisha karatasi.

"Shahidi."

Mzee Zabuni akaishika kalamu. Mkono ule ulikuwa umeidhinisha mabomba ya mji mzima, umesaini mikataba minene bila kutingishika, na sasa ulikuwa unatafuta mstari na hauuoni. Mama Sare akaweka kidole chake juu ya karatasi, pale mstari ulipoanza.

"Hapa," alisema.

Akasaini. Sahihi ilitoka mbaya, imepinda, na karani akaipiga muhuri bila kuitazama.

Wiki mbili baadaye ikawa siku ya kwanza. Ilikuwa bado siku tatu wiki nane zitimie. Kabla ya hapo walikuwa wamempima, wamempiga picha, wamemwekea vidoa vitatu vidogo vya wino kwenye ngozi, na mama mwenyewe akamwambia mtaalamu wa mionzi kwamba alama ya kushoto imepanda kidogo. Mtaalamu akapima tena. Ilikuwa imepanda.

Masharti ya siku hiyo yalikuwa mepesi kuyasema: unakunywa nusu lita ya maji, unakaa nusu saa, huendi chooni. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo pembeni, na mionzi inapita bila kuugusa sana. Mhudumu alimletea Mama Sare chupa yake. Alipogeuka akamkuta Mzee Zabuni ametoa chupa yake mwenyewe mfukoni, nusu lita ileile, ameipima nyumbani.

"Mzee, wewe huhitaji."

"Najua," Mzee Zabuni akasema, akanywa yote.

Umri wake miaka sitini na tisa. Kibofu chake kilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo haukuwa nusu saa. Dakika ya kumi na tano alikuwa ameacha kuzungumza. Dakika ya ishirini na tano alikuwa amekunja mguu juu ya mguu na kusoma tangazo moja la ukutani mara nne. Jina la mkewe lilipoitwa, akainuka naye nusu, akakaa haraka.

"Nikuulize kitu kabla hujaingia," alisema.

"Kama ni dhamana, nyamaza."

"Si dhamana. Ukitoka utanikuta hapahapa mlangoni."

"Nenda chooni, mzee."

"Nimesema hapahapa."

Ndani kulikuwa na baridi. Mama Sare alilala kitandani, mistari myekundu ya mwanga ikashuka juu ya tumbo lake na kukutana pale penye vidoa, sawasawa, bila kupishana hata unywele, na fundi ndani yake akaridhika. Wakamwambia asitingishike. Wakatoka wote. Mashine ikaanza kumzunguka taratibu, ikisimama na kuendelea, na yeye akahesabu sketi zilizobaki ili asihesabu kitu kingine. Hakusikia maumivu yoyote. Alisikia kubanwa tu. Alimfikiria mumewe kule nje, na woga ukapungua kidogo.

Mlango ulipofunguliwa alikuwepo. Alikuwa amesimama, mgongo umebandikwa ukutani, miguu imepishana, jasho linamtiririka. Mhudumu pembeni akatikisa kichwa.

"Mama, mchukue mzee wako. Nimemwambia mara tatu aende, hataki. Anasema ameahidi."

Mama Sare akamtazama mumewe toka kichwani mpaka viatuni. Yeye mwenyewe alikuwa anaweza kusimama kwa shida.

"Bado ishirini na nne," akamwambia.

"Nitakunywa zote," Mzee Zabuni alijibu kwa meno yaliyobana.

Kicheko kikampata Mama Sare palepale, cha tumboni, cha kwanza tangu alipofanyiwa upasuaji, na kwa kibofu kile kucheka lilikuwa kosa kubwa sana. Akamshika mumewe mkono, wakakimbia.